Dawa Niliyokuwekea Akiba

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia tena, lakini mkono umekataa kuanza bila salamu. Niko hapa Newala, watoto wamekwenda shule, na meza yangu ya sokoni leo sikuifungua ingawa ni siku ya watu wengi. Nina jambo la kukwambia. Wiki ya nne sasa limenikaa kooni, silimezi wala silitemi.

Mama, dawa haikuwa maji.

Ngoja nianze vizuri, maana nikienda kwa pupa nitalia na karatasi italowa, na karatasi yenyewe nimemwomba mjukuu wako aichane kwenye daftari la hesabu.

Siku ya tatu ya msiba wako, Mjomba Selemani alisimama mbele ya watu akasema, "Wale wa Masasi walituletea maji yaliyotiwa rangi. Dada yangu kafa analia na dawa yao iko mdomoni." Watu wakaguna. Mimi nikaitikia kwa sauti kubwa kuliko yake. Si unanijua? Mwenyewe ulikuwa ukisema mdomo wangu ungekuwa jembe tungelima Makote nzima kwa asubuhi moja. Na Mama Beni, yule mhudumu wao aliyekuwa akija kukuuguza, alikuwapo. Alikuja na kanga kiunoni, kajipaka unga usoni, tayari kufanya utani wa msibani kama Mmakua anavyopaswa kumfanyia mtani wake. Mjomba akamwambia aondoke. Alijifuta unga kwa ncha ya kanga, akashika njia. Hakusema neno, na sisi tukaona kunyamaza kwake ndiyo ushahidi.

Kesho yake nikaandika barua kwenda Masasi, kwa wenye huduma ya kuuguza wagonjwa majumbani. Kurasa mbili. Niliandika kwamba huduma yao ni mbovu, dawa yao ni feki, na mhudumu wao anaandika uongo kwenye daftari lake. Nilimpa dereva wa lori la korosho aifikishe. Haikupita muda tukasikia Mama Beni kasimamishwa na baiskeli ya huduma karudisha. Nilifurahi, Mama. Sikufichi. Nilijisemea, walau mtu mmoja kalipa.

Ilipopita arobaini yako ndipo akaja yule dada. Jina lake Tumaini, mwembamba, ana sauti ya upole kama anaongea na mtoto mchanga. Alisema ametumwa kupima huduma uliyopewa, na kwamba kila familia iliyofiwa huulizwa, tena mwenye lawama ndiye husikilizwa zaidi. Tukamtandikia mkeka barazani pako. Mjomba akavaa kofia yake ya Ijumaa, akakaa pembeni kama hakimu. Dada Tumaini akatoa fomu.

"Mhudumu alifika siku alizoahidi?" Nilitaka kusema hapana, Mama. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini nikakumbuka ile wiki ya mvua, barabara imekuwa uji, na yeye anafika kwa miguu, baiskeli kaibeba begani. Nikasema ndiyo. "Alimwosha mgonjwa?" Ndiyo. Alikuwa anakuja na dumu lake la maji, maana alijua tangi letu linafungwa kwa kufuli mpaka mvua nyingine. Ukamwambia, "Mtani una haraka, unaniosha kabla sijafa." Akakujibu, "Nakuosha sasa kwa sababu ukifa sitakugusa, Mmakonde ukifa unanuka ubishi." Ulicheka mpaka ukashika lile titi lenye uvimbe kwa maumivu. "Alieleza namna ya kutumia dawa?" Hapo nikachoka na ndiyo zangu. Nikamwambia, dada, alieleza, lakini dawa yenyewe ilikuwa haina nguvu, na ushahidi ninao ndani.

Nikaingia chumbani kwako. Nikafungua sanduku lako la mbao, nikatoa zile chupa nne za soda nilizozifunga kwa vitambaa, nikazipanga mbele yake mkekani. Dawa ileile ya rangi ya waridi, imejaa. Nikasema kwa majivuno kabisa, "Ionje uone kama si maji. Na usidhani mimi ni mfujaji. Sikupoteza hata tone. Hii yote niliiweka akiba."

Dada Tumaini alizitazama zile chupa. Kalamu ikabaki mkononi haiandiki. Akaniuliza taratibu, "Dada Zaituni, mama ulikuwa unampa kiasi gani?"

Nikamwambia ukweli, sikuona cha kuficha. Mama Beni alisema lile bomba lisilo na sindano lijazwe mpaka mstari wa juu, kila baada ya saa nne, hata kama mgonjwa halalamiki. Mimi nilijaza nusu. Na nilikupa pale ulipolia, si kabla. Kilichobaki nilikimimina kwenye chupa za soda, kwa sababu Mama Beni alitaka chupa tupu ndipo atoe iliyojaa, kama zamani kwenye duka la ushirika. Nilikuwa naiweka kwa ajili ya siku mbaya.

"Na siku mbaya ilipofika?"

Unajua mwenyewe, Mama. Siku mbaya ilipofika ulikuwa humezi tena.

Sikumbuki Dada Tumaini alisema nini kwa mpangilio. Nakumbuka maneno yanadondoka moja moja. Kwamba ile dawa hupewa kwa saa ili maumivu yasipate nafasi ya kurudi. Kwamba nusu yake, tena baada ya kilio, haiwezi kuyashika. Kwamba nyingine ilikuwepo Masasi, ingeletwa, haikuwa ya kwisha. Na kwamba ikikaa wiki kadhaa inaharibika, zile chupa nne hazifai hata kumwagia mchicha. Nikamwambia, "Lakini akiba haiozi." Nilisema hivyo kweli, Mama, kama mtoto anayekariri. Ni maneno yako. Ulinilea nayo, miaka ile ya foleni, ulipokuwa unaficha vipande vya sabuni kwenye ghala la mahindi, na sukari unainusa tu kisha unairudisha. Soko huria likaja, maduka yakajaa mpaka barazani, na sisi bado tunaficha. Nani angeniambia kwamba kuna kitu kinachoharibika kwa kutunzwa?

Nilibaki nimekaa mkekani mbele ya zile chupa kama niliyekamatwa na mali ya wizi.

Dada Tumaini akafungua daftari la Mama Beni, lile nililosema ni la uongo. Unakumbuka alivyokuwa anakuuliza? Alikunyooshea kiganja: kidole kimoja, yauma kidogo, mkono mzima, yauma hayavumiliki. Daftarini kila ziara imeandikwa kidole kimoja. Kidole kimoja. Kidole kimoja. Nami najua kwamba akishapinda kona pale kwenye mikorosho ulikuwa unauma kanga na kumwita Mungu, "Nnungu wangu," mpaka majirani wanazima redio. Ndiyo maana nilisema anaandika uongo. Lakini hakuandika uongo, aliandika ulichomwonyesha. Uliinua kidole kimoja kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na hukutaka mgeni ajue kwamba binti yako anakupunja.

Ulijua. Ulikuwa unaniona nikimimina. Siku moja uliniambia, "Ongeza kidogo, mwanangu," nikakujibu, "Vumilia Mama, itatuishia." Ukavumilia. Mama, mbona hukunitukana? Ulikuwa unajua kutukana, wewe. Mbona siku hiyo ulinyamaza?

Dada Tumaini alipoomba nitie sahihi fomu, Mjomba alinivuta pembeni, nyuma ya jiko. "Ewe Zaituni, tumia akili. Ukisema hayo mbele za watu, kesho utaitwa muuaji wa mama yako. Acha lilivyo. Yule mama atapata kazi nyingine." Najua ananipenda, ndugu yako, na alisema kwa kunihurumia. Na mimi nilitamani kumsikiliza, wallahi. Nilimwambia Dada Tumaini kwamba sijui kusoma vizuri, nitaisaini baadaye. Mimi, niliyewaandikia kurasa mbili! Hakubisha. Aliacha fomu, akafunga begi lake, akaniambia, "Mama Beni ataitwa Alhamisi ijayo. Wakiona hafai, wanamtoa kabisa."

Siku sita zile sikuonja chakula kikapita. Sokoni nilipima dagaa kwa watu nikasahau kupokea pesa. Kila ninapokutana na mtu naona anajua. Na hakuna aliyejua, hilo ndilo lililonitisha zaidi: kwamba ningeweza kuishi nalo mpaka nizeeke, napewa pole, huku Mama Beni akipita njiani ananyooshewa kidole. Ulinisitiri mimi, Mama, tukamvua nguo yeye.

Alhamisi nikapanda gari la alfajiri kwenda Masasi. Sikumuaga Mjomba. Niliwakuta kwenye chumba kidogo chenye mabenchi, sista mkuu wao, Dada Tumaini, na Mama Beni kaketi mwisho wa benchi, mikono mapajani, kavaa gauni lake la kanisani. Nikasema nikiwa nimesimama, maana ningekaa nisingeinuka. Nikaeleza nusu, nikaeleza chupa, nikaeleza kilio. Nikasema aliyemnyima mama yangu dawa ni mimi, na niliyeandika uongo ni mimi.

Nilitegemea Mama Beni anitukane. Angekuwa na haki, na mtani hatafuti ruhusa. Akaniuliza jambo moja tu: "Alilia sana?" Nikamwambia, sana. Akainama, akafunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti pale mbele ya wakubwa wake, kama amepokea habari ya kifo chako siku ileile. Alikuwa akienda kwake kila mara anaamini umelala umetulia. Alikuwa akijisifia nyumbani kwamba mtani wake hasikii maumivu.

Halafu akajifuta, akasema, "Na mimi nina kosa langu. Nilimuuliza mama mbele ya mwanawe. Mama gani atamsema mwanawe mbele yake?"

Basi fomu nikaijaza palepale. Sikuwapa sifa tupu, usidhani. Pale penye kuuliza huduma ilikuwaje nikaandika: walikuja, walimwosha, walimchekesha, walituheshimu, dawa yao ilikuwa ya kweli. Na pale penye kuuliza irekebishwe wapi nikaandika: wamuulize mgonjwa akiwa peke yake, na anayeuguza aulizwe anaogopa nini. Hakuna aliyeniuliza ninaogopa nini, Mama. Ningesema, naogopa itakwisha.

Mama Beni karudishiwa kazi, na baiskeli. Mjomba hajanisemesha mpaka leo. Habari zimefika Newala kabla yangu, na kuna wanawake wawili pale sokoni wakiniona wanahamisha macho. Waache. Kuna siku nayakubali, kuna siku nageukia ukuta na kusema jina lako.

Wiki iliyopita Mama Beni alipita kwangu bila hodi ya utani, akasema tu, "Vaa viatu." Tukaenda Makote, kwa mzee mmoja anaumwa koo, binti yake ndiye anamuuguza. Nilimwona yule binti namna anavyoishika ile chupa kwa mikono miwili. Nilimjua mara moja. Nikamwambia tutoke nje, nikamkalisha kwenye gogo, nikamsimulia wewe na mimi, yote, sikubakiza. Alinitazama kwa hofu, akasogea mbali kidogo, nami sikumlaumu. Ndani Mama Beni alibaki na mzee peke yao. Tukasikia anamuuliza. Kisha tukasikia sauti ya mzee, nyembamba, anasema inauma, mama, inauma mno, na mwanangu usimwambie. Binti yake akainuka mbio akaingia ndani.

Mimi sikuingia, Mama. Nilibaki pale kwenye gogo. Hivi ndivyo ilivyopaswa kuwa nyumbani kwetu.

Nimeahidi kwenda na Mama Beni kila nyumba atakayoniita, nikawasimulie wanaouguza, hata kama ni kwa kuaibika. Siombi uniambie umenisamehe, maana nakujua, ungesema umesamehe hata kama hujasamehe, ili nisilie. Mungu akulaze pasipo na maumivu hata kidogo, na huko ukiulizwa habari zangu, safari hii usinifichie. Sema ukweli.

Mwanao,
Zaituni