Tonge la bugali huko Karuba

Papa wangu mpendwa,

Jambo sana kutoka Karuba, kwenye baridi na mvua. Mama aliyenipokea aliniona namega matonge madogo ya bugali kwa haya ya ugeni. Akanigombeza: “Hiyo iko kidogo, haiwezi kubeba maharagi! Na ya kubwa itakukwama ku koo. Mega ya katikati, njo inaingia muzuri.”

Nilicheka, nikakukumbuka. Uliniuliza kwa nini chembe ndogo kabisa za dawa, zile ninazopima laboratwari, haziingii kirahisi kwenye seli, nami nikakasirika kwa kukosa maneno. Sasa ninayo, ni kama lile tonge: seli huizungushia chembe ngozi yake, ndipo iimeze: ndogo mno haishikiki, kubwa mno inaishinda.

Nimeshiba, Papa. Nawe kula vizuri, na nikirudi uniulize tena.

Binti yako,
Furaha