Taa Niliyoiandika Bila Kuiona

Alhamisi, Nyarugusu, machimboni. Mvua imekatika saa kumi, matope hadi mlangoni. Neema amelala mgongoni na sithubutu kumshusha, kwa hiyo naandika nimesimama.

Leo nimenasa, na mtego nimeutega mwenyewe.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: ukutani kwetu, chini ya bati, kuna kisanduku cha majaribio. Kinapokea namba za mita za umeme za nyumba za jirani bila waya, kisha kinazituma karakana moja ya Kahama. Cha zamani kilishindwa kupenya uzio wa mabati, ndiyo maana wanakiunda upya. Kazi yangu ni kutazama taa yake kila saa na kuandika kwenye daftari: kijani ikiwa kinapokea, nyekundu ikiwa kimepoteza mawasiliano. Basi sitoki. Baba Neema yuko duarani, kwenye shimo la dhahabu, wiki ya pili sasa, anachimba. Mimi niko ndani ya uzio na mtoto na taa.

Silalamiki. Injinia Masanja wa karakana hiyo aliahidi kwamba kikifaulu atanipeleka karakana nijifunze kuviunganisha. Mimi niliyeishia la saba! Nimeshamwona kichwani Neema akicheza chini ya meza yangu ya kazi.

Leo asubuhi amekuja na kisanduku cha tatu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akanionyesha kwenye simu mstari wa namba zinazowafikia, unakatika mchana, siku nyingine ndiyo, siku nyingine hapana.

"Mama Neema, nililaumu makarasha yanayosaga mawe, nikabadili antena. Bado. Nikabadili mkao wa vitu vyote humo ndani. Bado. Bosi kasema hiki kikigoma, tunaachana nacho. Na daftari lako linasema kijani, kijani, kijani. Sasa huyu ni shetani gani?"

Jirani yangu Mama Kulwa, aliyekuwa anachambua mchicha, akadakia: "Labda nacho kinalala mchana kama mume wangu."

Walicheka. Mimi nilikuwa naangalia zile siku kwenye simu. Zote zilikuwa siku za mvua.

Siku ya kwanza Injinia aliniambia nikitunze kama mtoto. Basi wingu likifunga tu, nachukua karai la Baba Neema, lile la kuoshea dhahabu, nalitundika kwenye msumari linakifunika chote. Umeme na maji, nani hajui? Neema namfunika, na chenyewe nakifunika.

Karai ni chuma, kama mabati ya uzio.

Na taa nilikuwa siioni. Niliandika kijani kwa sababu niliiacha ikiwa kijani.

Sikumtajia karai. Akafunga kisanduku kipya ukutani, akaaga, akaenda stendi. Nikajiambia labda si karai. Saa nane mvua ikaja, mkono ukaenda wenyewe kwenye msumari. Nikaurudisha. Nimesimama pale kisanduku kinalowa mbele yangu, roho inaniuma kama naloweshewa mtoto. Taa haikubadilika. Kijani, kijani, mpaka mwisho.

Nikampigia. Alikuwa bado anasubiri gari lijae.

"Karai?"

"Karai."

"La dhahabu?"

Alicheka mpaka nikasikia watu wanamuuliza ana nini. Kisha kicheko kikaisha.

"Na daftari, mayu?" akaniita mama kwa Kisukuma. "Kijani uliiandikaje?"

"Nilidhani."

"Daftari hilo bosi analisoma mstari kwa mstari. Siwezi kumficha. Kisanduku kimepona, hilo nashukuru. Wewe sijui ataamuaje."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Nikajiuliza ningenyamaza ingekuwaje. Wangekitupa kitu kizima, na mimi ningebaki humu humu, tena na siri. Nimekosa pa kukimbilia pande zote.

Nimefungua daftari. Mkono uliniwasha kuchana kurasa, nikauzuia. Kila alasiri ya mvua nimelikata neno kijani kwa mstari mmoja, bado linasomeka, pembeni nikaandika: sikuona. Na jina langu. Nimefanya hivyo mara kumi na moja.

Wakinichukua karakana, wamchukue huyu aliyeandika hivi.

Naomba wanichukue.