Mkono wa Mzee Klaus

Hamburg, Ujerumani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Igamba, na kahawa iwe imeshika vizuri baada ya mvua. Goti la mama linaendeleaje? Mimi sijambo, ila baridi ya huku inanitafuna masikio.

Baba, nina habari njema. Unamkumbuka Mzee Klaus niliyekusimulia habari zake kwenye simu, yule mchora mabango aliyenipokea kazini? Maisha yake yote amechora matangazo ya biashara kwa mkono: sabuni, viatu, hata sarakasi. Kompyuta zilipoingia wenzake walifunga karakana zao, yeye akabaki na brashi zake. Husema, "Mpita njia ana haraka zake. Mkamate macho kabla hajakupita."

Mwezi uliopita alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Mwenye duka la mikate alikuwa ameagiza bango. Alipokuja kulitazama akakuta karatasi nyeupe, na mimi naosha brashi.

"Atachora Tusekile," mzee akamwambia.

"Lakini mimi nilifuata mkono wako, Klaus."

"Mkono wangu ndio huo," akajibu, akinionyesha kwa kidevu.

Yule bwana akaondoka bila kuaga. Nikachora nikafuta, nikachora nikafuta. Mzee alikaa nyuma yangu, nikikosea, anakohoa. Mwishowe nikabakiza mkate mmoja tu, umekatwa, mvuke unapanda, na chini yake jina la duka kwa herufi nene kama zile nilizokuwa naandika kwenye kuta za maduka kule Chapwa.

Mwenye duka aliporudi alilitazama, akarudi nyuma hatua mbili, akalitazama tena. Nikadhani limekataliwa. Kisha akauliza, "Mbona halina jina la mchoraji?"

Mzee akanishikisha brashi. Nikaandika jina langu na la ukoo wako, Baba, bila kufupisha.

Jana nilisimama karibu na kituo cha basi walikolibandika. Bibi mmoja akalitazama, akameza mate, akaacha basi lake liende, akavuka barabara kwenda dukani. Nilicheka peke yangu mpaka watu wakageuka.

Nisalimie mama, shangazi anayeuza mahindi sokoni Tunduma, na mchungaji aliyeniombea safari. Na wale waliokuuliza kwa nini binti yako anahangaika na rangi badala ya kuolewa, wajibu unavyopenda.

Ni mimi binti yako,
Tusekile, mchora mabango