Beji Kwenye Mfuko wa Koti

Kazehama, 2 Novemba 2023

Mwanangu Chigusa,

Hujambo? Mimi mzima, ila mgongo hunikumbusha kila jioni uzito wa ile aproni ya madini ya risasi. Shangazi yako Tokie hajambo? Mwambie matufaha ya chini kwenye boksi hili ndiyo matamu. Ya juu nimeyapanga kwa urembo tu.

Humu nimetia koti langu la zamani la buluu. Baridi ya Morioka haina adabu, na wewe umerefuka. Mimi nimenunua jipya. Bi Narumi, yule binti tunayepiga naye picha za eksrei kwenye chumba cha moyo, aliponiona nalo akasema, "Chifu, umependeza! Posa unapeleka wapi?" Hana heshima hata kidogo, lakini mkono wake kwenye mashine ni mwepesi.

Na kama kawaida, karatasi yako ya kualamia kitabu: majibu ya Septemba ya beji yangu ya kupimia mionzi. X tena! Mionzi inamwogopa baba yako.

Usicheke mistari yangu inavyopanda mlima. Taa ya jikoni imefifia.

Baba yako


Morioka, 24 Novemba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi na Shangazi hatujambo, na matufaha ya chini tumeyamaliza kabla ya ya juu.

Leo theluji ya kwanza imeanguka, ndipo nikavaa koti lako. Nikiwa darajani nilitia mkono kwenye mfuko wa ndani nikagusa kitu kigumu. Baba, ni beji yako! Ile ya kupimia mionzi. Ina jina lako, namba 07, na imeandikwa "Novemba". Nilisimama palepale mpaka mvulana mmoja wa darasa la juu akanipigia kengele ya baiskeli. "We, umeganda? Pisha!" Nikapisha, beji bado mkononi.

Ulinifundisha nikiwa darasa la pili: beji hukaa kwenye kola, juu ya aproni, saa zote za kazi. Kazi ikiisha hulala kwenye ubao wake hospitalini. Haitembei. Hii imetembea hadi kabatini kwangu na kukaa siku ishirini na mbili. Umefanyaje kazi bila beji? Umegombezwa? Shangazi amecheka: "Huyo kaka yangu huyo! Utotoni alikwenda shule bila mkoba, akarudi kumuuliza jirani kama ameuona."

Mimi sikuweza kucheka. Nimeituma leo hii kwa posta ya haraka.

Mwanao, Chigusa


Kazehama, 28 Novemba 2023

Mwanangu,

Habari za huko? Mimi sijambo. Beji imefika salama, ahsante. Bi Narumi alipofungua bahasha alicheka hadi akakaa chini: "Chifu, beji yako imekwenda likizo bila wewe!"

Usijitie wasiwasi. Tuna beji ya akiba, nilikuwa navaa hiyo. Leo tumezibua mishipa ya moyo ya watu watatu. Wa mwisho alikuwa bibi wa miaka themanini na moja. Nilimshika mkono kitandani muda wote kwa kuwa alikuwa anatetemeka. Alipotoka alimwambia Daktari Kasai, "Wewe umeninyanyasa, huyu ndiye aliyeniponya." Daktari amenuna mpaka sasa.

Vaa soksi mbili.

Baba yako


Kazehama, 22 Desemba 2023

Mwanangu Chigusa,

U hali gani? Shangazi naye? Mafua yamepita hapa kwetu, yakaniruka.

Nina habari mbaya kidogo. Mwaka mpya sitaweza kuja. Tuko wawili tu kwenye chumba cha moyo, na Bi Narumi anakwenda kwao kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Barabara ya mlimani imeshaanza kufungwa kwa theluji, na mwenye moyo uliokwama hawezi kungoja. Kuleni tambi za mwaka mpya na fungu langu pia.

Majibu ya Novemba haya hapa. X, kama mwaka mzima. Yaweke kwenye kitabu kinene.

Baba yako


Morioka, 27 Desemba 2023

Baba,

Shikamoo. Natumaini mafua bado yanakuruka. Sisi tu wazima wa mwili.

Nimeandika barua hii mara nne. Sijui kumuuliza baba yangu jambo kama hili, na ungekuwa mbele yangu nisingeweza.

Karatasi uliyonitumia ni ya beji namba 07, Novemba. Ndiyo ileile iliyokuwa kwenye koti. Siku ishirini na mbili ilikuwa nami, kwenye kabati lenye sweta na dawa ya nondo. Kwa hiyo lazima iwe X, yaani mionzi ni kidogo hata haisomeki. Hilo naelewa. Lakini karatasi ya Oktoba ni X pia, na ya Septemba, na ya Agosti.

Nikaanza kuzitoa vitabuni. Shangazi alinikuta sakafuni na vitabu vyote vimefunguka kama samaki wa kukaushwa. Akauliza, "Unatafuta nini, mtoto?" Nikasema namba.

Nilizipata. Ziko kwenye vitabu vyangu vya utotoni. Januari 2018: 0.4. Februari 2018: 0.5. Kuanzia Machi 2018 ni X, X, X mpaka leo. Nakumbuka nilikuuliza wakati ule namba zimekwenda wapi. Ulinijibu, "Baba yako amekuwa hodari zaidi." Nilikuamini. Nilijigamba darasani, mimi nisiyesema kitu darasani.

Mfuko wa ndani wa koti, Baba. Beji huvaliwa kwenye nguo za kazi, nawe koti huliacha kwenye kabati la kubadilishia nguo. Na ilipopotea hukuitafuta kwa siku ishirini na mbili. Ungekuwa na ya akiba, kungekuwa na karatasi ya pili.

Niambie nimekosea hesabu.

Mwanao, Chigusa


Morioka, 16 Januari 2024

Baba,

Shikamoo. Wiki tatu zimepita. Sisi wazima. Je, wewe?

Shangazi alikupigia simu, akasema ulizungumza naye habari za theluji. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Hukuniulizia.

Nimezipanga barua zako kwa tarehe. Za mwaka juzi mistari imenyooka. Sasa inapanda, na herufi zimekuwa kubwa maradufu. Si taa ya jikoni, sivyo?

Sina hasira. Naogopa.

Mwanao


Kazehama, 30 Januari 2024

Mwanangu Chigusa,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi niko hai. Zaidi ya hapo sikujua la kuandika, ndiyo maana nilikaa kimya. Nisamehe kwanza kwa hilo.

Hukukosea hesabu.

Unamkumbuka Mzee Ebina wa duka la tofu, aliyekuwa akikupa maziwa ya soya ya moto? Mwanzoni mwa 2018 tulikuwa wawili, mimi na Bwana Sasamori. Beji ya Sasamori, ambaye ndiye aliyesimama mbele karibu na mashine, ilikaribia ukomo wa mionzi wa mwaka, akatolewa kwenye chumba cha moyo kama sheria inavyotaka. Mimi peke yangu sikuruhusiwa, wakafunga chumba kwa wiki tano. Wiki ya tatu moyo wa Mzee Ebina ulikwama. Gari la wagonjwa lilimpeleka mji mkuu wa mkoa, likanasa kwenye theluji ya mlimani, naye akafia humo. Nilikuwa zamu siku hiyo. Nilimfunga mkanda wa machela kwa mikono hii.

Chumba kilipofunguliwa, niliivua beji nikaitia kwenye koti. Nikajiambia ni mwezi mmoja tu, mpaka wapate mtu. Baadaye ikawa kama kuvua saa kabla ya kuoga.

Na mimi ndiye ninayefundisha usalama wa mionzi hospitali nzima. Kila Aprili nasimama mbele ya wageni wa kazi: kaa mbali, kaa muda mfupi, weka kinga katikati, vaa beji. Kisha naingia ndani.

Barua yako ya Desemba niliisoma nimesimama, nikaitia mfukoni, nikaenda kazini kama kawaida. Hicho ndicho kinachonitisha sasa. Kilichonivunja ni jambo jingine. Juzi ndoano yangu kwenye kabati ilikatika, nikatundika koti kwenye ya Bi Narumi. Koti lake likaanguka, na beji ikatoka mfukoni.

Nikamwita. "Hii nini?"

"Beji, Chifu."

"Inafanya nini huku?"

Akadhani natania. "Imekaa na dada yake. Si yako iko hapo pembeni?"

"Narumi, nani kakufundisha hivi?"

Alicheka, kisha akaona uso wangu akaacha. "Wewe, Chifu. Siku yangu ya kwanza. Hukusema kitu, ila nilikuona."

Ana miaka ishirini na sita, Chigusa. Anataka kuzaa. Nilikaa kwenye benchi la viatu na beji yake mkononi.

Kuanzia kesho kutwa, tarehe mosi, tunavaa wote wawili, kwenye kola, kila saa. Nimemwapia Narumi, nakuapia na wewe. Majibu yakija nitakutumia, yawe yawayo.

Na jicho, ndiyo. La kushoto, lile linaloelekea mashine. Ninaona kama kupitia dirisha la karatasi la nyumba za zamani.

Baba yako


Kazehama, 20 Machi 2024

Mwanangu Chigusa,

Hujambo mwanangu? Shangazi je? Theluji imeanza kuyeyuka hapa, barabara ya mlimani imefunguliwa jana.

Majibu ya Februari yamefika. Narumi alifungua bahasha kwa sababu mimi sikuweza kusoma herufi ndogo. Aliigeuza karatasi mara mbili. Nikamwambia, "Haya, sema." Akasema, "Chifu, wamekosea nukta." Hawakukosea. Yangu ni 4.1, kwa mwezi mmoja. Ukomo wa mionzi kwa macho ni wastani wa 20 kwa mwaka. Wewe ni msomaji, zidisha mwenyewe, kisha uzidishe tena kwa sita. Mimi nilidhani ingekuwa moja, au pungufu ya moja. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia. Ya Narumi ni 1.9, na yeye husimama nyuma yangu.

Nilikwenda kwa mkurugenzi na karatasi hizo mbili. Nilidhani atapiga meza. Alivua miwani tu.

"Miaka sita, Hamada?"

"Ndiyo, Mkurugenzi."

"Kila mwaka mimi naomba mkoa utupe mtu wa tatu wa chumba chako. Na kile kioo chenye risasi cha kukinga mionzi, cha kuning'inia juu ya kitanda, nacho nimekiomba. Unajua wananijibu nini?"

Nikasema sijui.

"Wananiambia, wafanyakazi wako wanasomeka X. Kioo cha nini? Mtu wa tatu wa nini?"

Nilificha namba ili chumba kisifungwe, kumbe namba ndizo zingeleta mtu. Mzee Ebina angenionaje?

Nimetolewa kwenye chumba cha moyo, na si mimi tena ninayefundisha usalama wa mionzi. Adhabu nyingine bado inajadiliwa. Narumi amehamishiwa eksrei za kawaida. Kuanzia Jumatatu wataazimwa watu wawili kutoka mkoani, na chumba kitafanya kazi siku tatu kwa wiki mpaka wapatikane wengine. Siku nne zilizobaki ninazihesabu kwa mioyo ya watu ninaowajua kwa majina. Barabara iko wazi. Ndiyo faraja pekee niliyo nayo.

Daktari wa macho amesema ni mtoto wa jicho, atalitoa tarehe tatu Aprili huko Morioka. Baada ya hapo sitaruhusiwa kusoma kwa siku kadhaa.

Karatasi naiweka humu. Ukitaka kuichoma, choma.

Baba yako


Morioka, 24 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Shangazi amekutandikia chumba cha upande wa jua, na anasema ukisahau mkoba safari hii hutapata jirani wa kumuuliza.

Karatasi imefika. Nimezidisha. Ile ya kwanza niliirudia mara tatu, ya pili sikuimaliza. Nimemwandikia Bi Narumi barua nikamwomba radhi, ingawa simjui. Sijui kama nilifanya sawa.

Za X nimezitoa zote vitabuni. Zilipaswa kuwa sitini na tisa, nimepata sitini na saba. Mbili nadhani zilirudi maktaba na vitabu vya watu. Zimefungwa kwa uzi, uje uzichukue ukampe mkurugenzi, maana ni za hospitali na si zangu.

Ya 4.1 sijaichoma. Ndiyo pekee niliyobaki nayo ya kualamia. Vitabu vingine vyote sijui tena niliishia ukurasa gani.

Kwa hiyo nimechagua kimoja, kile kinene zaidi, na nitakianza mwanzo. Sijawahi kusoma kwa sauti mbele ya mtu, unajua nilivyo. Lakini siku zile ukiwa na kitambaa jichoni nitakaa upande huo, hutaniona nikiona haya.

Njoo na koti jipya. Nimeshakagua mifuko ya hili la zamani.

Mwanao, Chigusa