Puto Kichwani mwa Binti Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Kichwa tena! Binti yangu katapika darasani. Mwalimu kanipigia nikiwa saluni, mteja kasukwa nusu kichwa. Nikamkimbiza mtoto zahanati. Daktari hakumgusa hata paji la uso — macho kwenye simu. Eti watoto wa siku hizi wanadeka, wanakimbia hesabu. Huyu anayependa hesabu kuliko anavyonipenda mimi! Kampa panadol. Mjinga na koti jeupe.

Jumatano, 6 Machi
Degedege. Mezani, kijiko mkononi. Macho yamegeuka, mkono wa kulia unaruka wenyewe. Mume wangu kasimama kama mlingoti! Nimembeba mwenyewe hadi barabarani. Hospitali kubwa wamemlaza, wamempiga picha ya kichwa: damu imevuja. Kidogo, wanasema. Kidogo! Kwenye ubongo!

Ijumaa, 8 Machi
Picha nyingine, ya mishipa. Daktari wa upasuaji, mama mfupi asiyecheka, katuchorea. Mtoto ana fundo la mishipa iliyosokotana, damu inapita humo kwa kasi mno. Na mshipa unaoileta umetuna kama puto. Ndilo lililovuja. Anataka kuliziba kwanza, kwa mrija mwembamba unaopitia pajani. Fundo baadaye. Tukisubiri je? Likipasuka, kasema, hatuahidi kitu. Nimempenda. Hapaki mafuta maneno.

Jioni mama mkwe kaja na mdomo wake. Kichwa cha mjukuu wake hakiguswi! Kwao ugonjwa huo haupo — yaani umetoka kwetu. Eti labda pia ni mimi ninayemsuka kwa kubana. Na mume wangu? "Tumsikilize mama kwanza." Baba mzima, ndevu zote hizo! Nimemtazama kama uchafu uliokwama kwenye kitana.

Jumamosi, 9 Machi
Nimemwambia mume wangu: Jumatatu mtoto anaingia upasuaji. Ukitaka kushikilia sketi ya mama yako, ishikilie nje. Kanuna. Anune! Mchana daktari kanieleza kwamba mume wangu alimfuata ofisini peke yake, kauliza maswali yote, kakubali. Kuniambia mimi hakuweza. Mwanamume huyo.

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe kaja wodini na begi, eti anamrudisha mjukuu wake nyumbani. Tukagombana kando ya kitanda cha mtoto, kwa kunong'ona, kama paka wawili. Katikati ya maneno mtoto kashika kichwa. "Mama, taa! Zima taa!" Kisha kalegea, hajitambui. Muuguzi kaita wenzake, wakamsukuma na kitanda chake moja kwa moja upasuaji. Daktari mfupi kapita mbio, hakututazama.

Mume wangu yuko njiani. Niko kwenye benchi la korido na mama mkwe. Ule mdomo wote — umekauka!

"Mwanangu," kasema, "mbona hawatoki?"

Mwanangu! Tangu niolewe naitwa "wewe". Jibu ninalo hapa, chungu, linanitekenya ulimi. Kanishika mkono wa kushoto, anaubana mpaka unauma.

Naandika kwa huu mwingine.