Mwasmini Uliogeuka Manjano

Alhamisi, Magogoni. Joto limeshika tangu asubuhi, nguo zinakauka kabla hujamaliza kuanika. Moyo wangu mzito. Naandika haya mikono ikinuka samadi na bizari, mtanivumilia.

Mnaosoma hapa mara kwa mara mnaijua habari ya mwasmini. Asiyejua nimweleze. Mama alipofariki na ndugu zangu wakaiuza nyumba ya Bofu, mimi sikutaka kitanda wala kabati. Nilikata tawi la mwasmini wake wa uani, nikalitia kwenye kopo, nikavuka nalo feri nimelikumbatia. Mwenye nyumba mpya ameshaung'oa ule wa Bofu, kwa hivyo huu wangu ndio pekee uliobaki. Mama alikuwa akitunga asmini kila Alhamisi kama leo, nyumba inanukia hadi Ijumaa. Huu ukifa, harufu ile imekwisha.

Na unakufa.

Majani machanga yamekuwa manjano, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani. Ncha zinaungua. Maua hakuna. Nimeupanda kwenye ndoo kubwa, kwa udongo niliouchanganya mwenyewe: makumbi ya nazi yaliyosagwa, mboji ya majani, na samadi ya mbuzi iliyokaa hadi ikapoa. Mbolea ya dukani sikutia hata chembe. Nikasoma huku na kule, nikaambiwa dalili hizo mara nyingi ni za pH, kipimo cha uchachu wa udongo. Udongo ukipoteza uchachu wake ukaelekea upande wa chokaa, madini ya chuma yamo humo humo ila mizizi haiwezi kuyanyonya. Mti unakufa njaa na sahani iko mbele yake.

Sasa, uchachu huo umeondolewa na nani? Niliona udongo haugeuki hivyo ghafla bila mkono wa mtu. Na mimi nikishaanza kuwaza hivyo, situlii.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa muuza maji wa mkokoteni. Maji yake ya kisima ni magumu, yanaacha utando mweupe ndani ya birika. Wa pili akawa muuza makumbi, kwamba amechanganya na mchanga wa pwani wenye chokaa ili gunia lijae. Mume wangu Salim akanicheka, ati nimebakisha kumshuku yeye tu. Sikumwambia kwamba naye nilishamfikiria, maana kila siku analalamika ile ndoo inamzibia njia.

Wa tatu akawa Mama Nekesa.

Mama Nekesa ni jirani yetu wa ukuta mmoja, na ua ni wetu sote. Kwao ni Bungoma, mumewe anafanya kazi kiwandani Changamwe. Ana ndoo zake za sukuma wiki karibu na mwasmini wangu, na sukuma hiyo imestawi hadi inatia hasira. Ua mmoja, jua moja, maji ya mkokoteni ule ule, lakini yake inameta na wangu unanyauka. Tena mara mbili nimemkuta amesimama kwenye ndoo yangu akiuangalia mti. Akiniona, anaondoka.

Nyinyi mngefikiri nini?

Dhana ni dhambi, najua, nimefunzwa tangu chuo cha Kurani. Lakini kikulacho ki nguoni mwako pia nimefunzwa. Nikaanza kumnunia. Salamu nikawa naijibu nusunusu. Aliniletea viazi vitamu vya kuchemsha, nikavipokea kwa tabasamu, nikawapa kuku. Sijivunii, ila humu nimeahidi kusema kweli.

Leo nikaamua kutafuta ushahidi. Kila aliyewahi kufua kanzu iliyomwagikiwa mchuzi anajua kwamba sabuni ikigusa doa la bizari ya manjano, doa linakuwa jekundu. Chokaa, magadi na majivu hufanya vivyo hivyo. Basi nikachana kitambaa cheupe vipande, nikavipaka bizari, nikavianika. Kimoja nikakidondoshea maji ya mkokoteni, kikabaki manjano. Nikaloweka mchanganyiko uliobaki guniani, nikajaribu maji yake, manjano pia. Muuza maji na muuza makumbi nikawaachilia hapo hapo. Kisha nikauywesha mwasmini hadi maji yakatoka chini ya ndoo, nikachovya kipande cha tatu.

Kikageuka chekundu.

Nikafukua juu ya udongo kwa kijiko, nikakuta tabaka la kijivu limefichwa chini ya makumbi. Majivu. Mimi napikia gesi. Mama Nekesa anapikia makaa. Nikasema leo ndiyo leo.

Lakini mimi napenda kushinda kesi kabla sijaifungua. Nikaona nizipime na ndoo zake, ili nimwekee vipande viwili mbele yake: chako manjano, changu chekundu, haya sema. Nikanyemelea baada ya alasiri, yeye akiwa ndani. Nikachutama mbele ya sukuma yake, nikamwaga maji, nikachovya.

Kikawa chekundu kuliko changu. Nikajaribu ndoo ya pili, vile vile.

Mtu aweza kumroga jirani, lakini hajirogi mwenyewe. Kumbe sukuma wiki inavumilia udongo wa namna ile, mwasmini hauwezi. Majivu ni yale yale, yametiwa na mkono ule ule, kwenye mboga ambazo wanawe wanakula.

Nilipoinua uso, Mama Nekesa alikuwa amesimama mlangoni. Ananitazama nimechutama kwenye mboga zake, kitambaa chekundu mkononi. Uso aliokuwa nao, wallahi, ndio ule niliokuwa nikimwonyesha mimi wiki zote hizi.

"Mama Rukia, unaweka nini kwa mboga yangu?"

Nikamjibu kweli, tena nusu yake. Nikamwambia napima udongo, kwamba kuna majivu kwenye mwasmini na ndiyo yanayouua. Nikangoja akane.

Hakukana. "Ni mimi niliweka. Si nilikuwa nakusaidia? Kwetu mti ikikataa kumea, unaipea majivu. Shamba yetu ni udongo nyekundu, bila majivu hata maharagwe haitoki."

Hapo ndipo nikaelewa. Udongo wa kwao una asidi nyingi, majivu yanautuliza, na shamba ni kubwa, linayameza. Sisi huku tumekaa juu ya matumbawe, hata maji yetu yana chokaa, ingawa si ya kutosha kugeuza bizari. Na ndoo si shamba. Unachotia hakina pa kwenda, kinabaki pale pale kwenye mizizi.

Nilitaka kumuuliza alitia mara ngapi, akaniwahi.

"Mara ya kwanza niliweka kidogo tu, nikafunika na makumbi. Sikukuambia, niliogopa kukukumbusha mama yako. Halafu nikaona umenyamaza, hata salamu inakushinda. Nikajua ni ule mti ya mama yako inakuumiza roho. Nikaongeza. Kila nikiona umenyamaza, naongeza."

Kila nilipomnunia, aliongeza.

Tumeutoa mwasmini pamoja. Yeye alishika shina, mimi nikaosha mizizi kwa maji ya mvua yaliyokuwa pipani. Mingi imekuwa ya kahawia na laini, michache bado myeupe. Tumeupanda upya kwenye mchanganyiko safi, makumbi na mboji zaidi, samadi kidogo. Salim alitaka tuunyweshe maji ya ndimu. Nimekataa, ndimu ni ya siku mbili tatu, udongo ukarudi kule kule.

Tulipomaliza Mama Nekesa alishika kichwa. "Pole, Mama Rukia. Nimekuulia mti ya mama yako." Akalia, na ni mimi niliyefiwa.

Nikamwambia haidhuru. Nikampa maji ya kunawa mikono. Basi. Sikumwambia kwamba kimya changu kilikuwa cha kumnunia yeye, si cha kuulilia mti. Nimemwacha aingie kwake na lawama yote.

Nimenuia kumwambia kesho nikishaamka, kabla ya chai. Lakini mimi najijua. Mti ukipona, nitamwambia huku nikicheka, na yeye atacheka. Na ukifa je? Nitakuwa na uso wa kumwambia kwamba tuliuua wawili?