Madoa na Yai la Mchangani

Savo, nyumbani.

Kwako dada yangu mkubwa Nesta,

Pokea salamu zangu mimi mdogo wako Ezron. Mguu vipi? Najua umekatwa, nauliza pale palipobaki, kidonda kimekauka au bado kinakuchoma? Na sukari imeshuka? Mimi ni mzima kabisa. Wenzangu wa rika langu wote wanatembelea fimbo, mimi bado nachimba mayai ya ndege mchangani, mkono mzima unazama hadi begani, na leo asubuhi nimewatangulia vijana wote kwenye shamba la mayai. Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Judita jirani alitaka kunishikia kalamu, nikamwambia aende akashike sufuria. Ukiona herufi zimelala ujue ni zangu, zimelala kwa kupenda.

Umeniuliza mambo mawili katika ile barua aliyoleta mwenye boti. La kwanza, kama kuku wako Madoa ameatamia, na kama vifaranga vipo. La pili, kama ni kweli nilimwambia mwanao Malakai kwamba ubaki kwake mjini Honiara, usirudi tena Savo. Hilo la pili nitalijibu, usinisukume. Naanza na kuku, maana huyo kuku amenionyesha jambo ambalo katika uzee wangu wote sijaonyeshwa na kiumbe yeyote.

Wewe unanijua. Kwa mayai, hapa kisiwani hakuna wa kunifundisha. Ndege wetu wa mchanga namjua kama ninavyojua vidole vyangu. Anashuka kutoka msituni alfajiri, anachimba kwenye mchanga wenye joto la mlima wetu wa moto, anataga, anafukia, anakwenda zake. Hageuki nyuma. Mtoto anakaa kule chini peke yake, akiwa tayari anafukua mwenyewe, anatokeza na manyoya yake kamili, anakimbilia porini. Hajui mama, hajui baba. Siku zote nimesema huyo ndiye ndege. Kuku nilimwona ni kitoweo kinachopiga kelele.

Sasa ulipoondoka, Madoa aliingia kwenye kile kikapu chako kibovu cha jikoni, akalala juu ya mayai, hakutoka. Nikamtupia nazi iliyokunwa, hakuja. Nikamsukuma, akavimba manyoya kama mto, akaningurumia. Ndiyo, kuku, aliningurumia, akanidonoa mkono damu ikatoka. Nikampapasa tumbo, manyoya yamenyonyoka, ngozi tupu, inachemka. Nikasema huyu ana homa, atafia mikononi mwangu, na dada atasema nimemla. Nikambeba hadi baharini nikamzamisha apoe.

Judita alikuwa anaosha vyombo akaniona. Alicheka mpaka akakaa kwenye maji. Akaniuliza, Mzee Ezron, unambatiza? Huyo haumwi, huyo anaatamia! Nikamwambia ndege gani anakalia mayai yake, si atayavunja? Akasema, kwani wewe mwenzetu mama yako alikufukia mchangani? Nikamjibu pengine ndiyo, na ndiyo maana nina nguvu kuliko marehemu mumeo. Basi hapo akaacha kucheka, akanirushia maji.

Lakini sikumwamini. Madoa alirudi kikapuni na maji yakimchuruzika akalala tena, nami nikasema hawa watoto wanahitaji mtu anayejua kazi. Alipotoka kwenda kunywa maji nikachukua mayai mawili, nikayafukia shambani kwetu, kina kizuri, mchanga mzuri, kama inavyotakiwa.

Dada, ungemwona aliporudi. Aliyagusa mayai yake moja moja kwa mdomo, akiyageuza taratibu kama wewe unavyogeuza muhogo kwenye makaa. Halafu akaanza kutafuta. Akaingiza mdomo chini ya majani, akatazama pembeni ya kikapu, akarudi, akatafuta tena palepale. Mwisho akaniangalia mimi. Nimeshaangaliwa na padri, nimeshaangaliwa na polisi, sijawahi kuona aibu kama ile. Nikakimbia shambani kuyafukua, nikakuta ndege wamekwisha chimba mahali pale, yote mawili yamevunjika.

Nikafanya nini? Nikachimba yai letu la mchangani, lile zito ambalo mkono wangu uliniambia mtoto yu karibu kutoka, nikampelekea. Lilikuwa kubwa karibu mara mbili ya yale yake, tena jekundu-jekundu. Nilijua atalikataa. Madoa alilitazama kwa jicho moja, akalitazama kwa jicho la pili, akalivuta kwa kidevu mpaka chini ya kifua, akafunga macho. Hakuuliza ni la nani.

Tangu hapo sikubanduka. Nilimwambia Judita kwamba nangoja aone mtoto wa kweli akitoka, mtoto wa Savo, lakini dada, nilikuwa namtazama kuku. Hali wala hanywi ila mara moja kwa siku, tena anakimbia kurudi kama mtu aliyeacha chungu motoni. Anakonda, upanga wake wa kichwani umepauka, na hatoki. Judita akipita mlangoni anauliza kwa sauti wote wasikie, vipi, mzee naye ameatamia? Leo katoa mangapi?

Kisha asubuhi moja nilisikia sauti. Nikadhani panya. Nikainama mpaka sikio likagusa manyoya yake, wala hakunidonoa, tulikwisha zoeana. Sauti ilitoka ndani ya yai lake mojawapo. Ganda zima, halina hata ufa, na ndani mtu analia piyo, piyo. Na Madoa akajibu, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kumsikia nayo. Akinyamaza yule, huyu anaita. Akiita huyu, yule anajibu. Mimi nimeshika mayai tangu nina meno ya utoto, nimeyauza, nimeyala, na sikujua kwamba kuna yai linalozungumza na mama yake. Nilivua kofia, dada. Jikoni kwako, mbele ya kuku.

Mtoto wa Savo ndiye aliyetangulia. Huyo hakugonga kwa mdomo, alipiga ganda mateke mpaka likatawanyika, akatoka amelowa, mkubwa, ana mbawa. Madoa akamfunika. Alipokauka tu akajitoa chini ya ubawa, akavuka jiko, akatoka mlangoni, akaruka uzio, akaingia porini. Hakutazama nyuma. Nilipiga makofi, nikampigia Judita kelele, umeona! Umeona mtoto asiyehitaji mtu! Madoa aliinuka nusu, akaita. Hakuweza kumfuata maana wengine walikuwa wameanza kugonga. Akakaa, akaendelea kuita huku ameketi.

Hawa wake walitoka polepole. Mmoja alitoboa tundu, akachoka, akanyamaza. Nikanyoosha kidole nimsaidie kulibandua ganda, Judita akanipiga mkono, acha wewe, utamtoa damu! Madoa hakusaidia pia, alimsemesha tu. Na yule mtoto akasikia, akaanza tena. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hili: vipo saba, vyote vizima, viwili vina madoa kama mama yao.

Kesho yake alivitoa nje. Nilifikiri atavipeleka jaani kuchakura. Akavipeleka hadi ukingo wa pori, pale yule alipoingilia, akasimama na kuita. Vifaranga saba wako miguuni pake wanalia, na yeye anamwita yule ambaye hata si wake, na hatakuja. Aliita mpaka jua likawa kali. Sikupiga makofi tena. Nilisimama na kofia yangu mkononi, maana ile sauti niliijua.

Ni wewe, dada. Ni wewe jioni, umesimama mlangoni mwa jiko, Ezrooon, chakula! Tangu mke wangu alipofariki umeniita kila jioni, na mimi sijaitika hata siku moja. Nakuja nikitaka, nakaa, nakula, naondoka. Watu wakiniuliza nasema mimi ni ndege wa mchanga, nilizaliwa najua kuruka.

Sasa la pili. Ni kweli. Malakai alinipigia simu akauliza kama naweza kukutunza na mguu mmoja kwenye mchanga wetu huu. Nikamjibu kaa naye huko, mimi sihitaji mtu. Ni maneno yangu, Judita hakuongeza kitu, yeye mwenyewe aliyasikia akakaa siku kadhaa hanisalimii. Niliona aibu kusema kwamba naogopa. Niliogopa ukirudi ukaanguka, na niliogopa zaidi usiporudi, basi nikasema lile linalosemeka kwa kiburi. Mwambie Malakai nimelifuta.

Rudi nyumbani. Nimekwisha tandaza mbao kutoka ufukweni mpaka mlangoni mwa jiko, nimezipigilia mwenyewe, nimezirukia juu hazitikisiki. Kwenye boti nitakushusha mgongoni, na mwenye kucheka acheke. Kikapu kibovu nimekiacha palepale, Madoa bado anavilaza vifaranga humo. Judita ananiita kula siku hizi, lakini ana sauti mbaya, sijamzoea.

Msalimie Malakai na mkewe, wabusu wajukuu. Judita anakusalimu, anasema kuku anaendelea vizuri na mzee naye si mbaya. Kunywa dawa, usibishane na manesi, hiyo ni kazi yangu.

Jioni utakayofika, simama mlangoni uniite. Nitaitika.

Ni mimi mdogo wako,
Ezron